SAUTI ZA KLACHI: TUSIKILIZE KABLA YA KUFUNGUA

(Maneno yaliyosemwa na wenzetu wa ukaguzi wa mabehewa mbele ya wanachama wa tawi, Kajiado. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamuni siku ile.)



Tumeombwa tuseme maneno machache juu ya pikipiki, na hasa juu ya kelele za klachi. Huenda mtu akauliza, wafanyakazi wa reli wana haja gani na klachi ya pikipiki katika mkutano wa chama? Jibu lake ni fupi. Wengi wetu tunakaa Kitengela, nayo kazi yetu iko penye reli: Athi River, Konza, Kajiado, na kwingineko. Zamu haingoji matatu. Anayetakiwa kushika kazi saa kumi alfajiri hana njia ila pikipiki yake, au ya jirani yake. Kutoka Kitengela kupitia Isinya mpaka hapa Kajiado ni yapata kilomita 50 za barabara ya Namanga, na malori hupita usiku na mchana. Pikipiki ikikataa njiani saa tisa usiku, kwanza zamu hupotea, kisha mshahara wa siku, na baadaye huja barua ya onyo. Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko hizo. Mtu anayesukuma pikipiki isiyowaka taa kando ya barabara ile haonekani upesi na dereva wa trela.

Jambo la pili ni fedha. Pikipiki nyingi za wanachama zimenunuliwa kwa mkopo, na wengine huzitumia kubeba abiria siku za mapumziko ili mkopo uishe. Mwenzetu mmoja wa genge la njia alisikia pikipiki yake ikilia "chwii" kila aliposhika klachi. Akaipeleka kwa fundi. Injini ikafunguliwa siku ile ile, akauziwa pleti mpya, springi mpya, hata bakuli la klachi. Jioni alipoichukua ikalia "chwii" vile vile. Kilio kilikuwa katika kebo iliyokauka, na dawa yake ilikuwa matone machache ya mafuta. Fedha aliyotoa ilikuwa ya karo ya mtoto. Hatumtaji fundi huyo, maana kumtaja hakurudishi karo. Lakini yatupasa tuulize kwa nini jambo kama hilo hutokea, na tufanye nini lisimpate mwingine.

SISI NI WATU WA KUSIKILIZA

Ndugu, kazi ya kusikiliza chuma si ngeni kwetu. Tangu siku za injini za mvuke, katika reli za nchi nyingi, mkaguzi wa mabehewa alitembea kando ya treni akiwa na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja moja. Gurudumu zima hulia kama kengele. Gurudumu lenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Mkaguzi hakufungua kitu chochote. Aligonga, akasikiliza, akapita. Na pale aliposikia ubaya ndipo aliposimama na kuandika namba ya behewa. Kadhalika beringi ya ekseli iliyopata moto: ilijulikana kwa harufu, kwa kuigusa, na kwa mlio, kabla haijakatika njiani.

Desturi hiyo ndiyo tunayotaka tuihamishe kwenye pikipiki. Klachi nayo husema kabla ya kufa. Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya klachi ni sauti. Kazi yetu ni kujua sauti ipi ni ya nini, ipi ni ya kuachwa, na ipi ni ya kusimama hapo hapo.

KLACHI NI KITU GANI

Kwanza tuelewe kilichomo ndani. Tunasema juu ya pikipiki zile zilizojaa Kitengela, kama Bajaj Boxer na TVS zitokazo India, na nyingine za namna hiyo zenye mkono wa klachi upande wa kushoto wa usukani.

Ndani ya kifuniko cha upande wa kulia wa injini mna bakuli la chuma chepesi. Kingo zake zimekatwa nafasi nafasi, zikawa kama vidole. Nyuma ya bakuli mna gurudumu la meno, nalo linazungushwa na injini wakati wote injini inapowaka. Kati ya gurudumu hilo na bakuli mna springi ndogo au mipira ya kupunguza kishindo, kazi yake ni kama ile ya bafa za mabehewa. Ndani ya bakuli mna kitovu, kimefungwa kwa nati kubwa juu ya shafti inayoingia katika giaboksi.

Kati ya bakuli na kitovu zimepangwa pleti za namna mbili, moja hivi moja vile. Zenye utando wa kushika huingiza masikio yao katika nafasi za bakuli. Za chuma kitupu hushikana na meno ya kitovu. Springi za klachi huzikandamiza zote pamoja, zikawa kitu kimoja, na nguvu ya injini ikapita mpaka kwenye gia. Ukivuta mkono wa klachi, kebo huvuta, fimbo fupi husukuma kupitia beringi ndogo ya katikati, na kule kukandamizwa huondoka. Pleti huachana. Bakuli huendelea kuzunguka na injini, lakini kitovu hubaki bila kuvutwa.

Sisi wa reli tunaweza kulishika jambo hili upesi. Kuvuta mkono wa klachi ni sawa na kufungua kapli kati ya injini na behewa. Injini inaendelea, behewa linabaki. Basi kelele ikikoma mkono unapovutwa, aghalabu ilikuwa upande wa behewa, yaani giaboksi. Ikianza mkono unapovutwa, iko kwenye kapli yenyewe. Isipobadilika hata kidogo, itafute kwingine. Atakayesahau mengine yote ya leo na akumbuke haya.

KABLA YA KUANZA KUSIKILIZA

Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati, mahali pa wazi, si ndani ya chumba, maana moshi wa injini huua bila harufu ya kuonya. Weka nyutro. Mwite mwenzako, mmoja avute mkono na mwingine asikilize. Chukua kipande cha mpira wa maji chenye urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe karibu na kifuniko cha klachi, kisha karibu na silinda, kisha nyuma karibu na cheni. Mpira huleta sauti ya mahali pamoja na kuacha nyingine. Angalia usiguse ekzosi, wala usiweke vidole karibu na cheni inayozunguka.

Sikiliza mara mbili: alfajiri injini ikiwa baridi, na tena baada ya kutembea nusu saa. Kelele ya baridi inayokwisha injini ikipata moto si sawa na kelele inayozaliwa kwa moto. Na andika. Andika kwa penseli: ilikuwa lini, baridi au moto, mkono huru au umevutwa, gia ipi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko maneno "inalia lia tu".

SWALI LA KWANZA: INJINI IKIWA IMEZIMWA

Zima injini. Vuta mkono wa klachi polepole na uuachilie, mara tano. Je, kuna kilio au mkwaruzo? Kama upo, basi ni kebo, au msumari wa mkono wenyewe, au kile kikono kidogo cha juu ya injini kinachovutwa na kebo. Tia mafuta mepesi, tazama kama nyuzi za kebo zimeanza kukatika penye kichwa chake, na kama zimekatika nunua kebo mpya kabla haijakukatikia Isinya. Hapo kazi imekwisha. Hakuna sababu ya kufungua injini.

Wakati huo huo pima mchezo wa mkono, yaani ule mwendo mdogo kabla kebo haijaanza kuvuta. Katika pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 10 na 20 kwenye ncha ya mkono, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho hakimu. Mchezo ukikosekana kabisa, klachi inabaki imevutwa kidogo siku nzima, pleti zinateleza na kuungua. Mchezo ukizidi, pleti haziachani vizuri, na gia zinaingia kwa kishindo. Magonjwa mengi yanayoitwa ya klachi huponea hapa, kwa spana moja na dakika tano.

SWALI LA PILI: MKONO HURU NA MKONO ULIOVUTWA

Sasa washa injini, iache ingurume polepole katika nyutro.

Kama inagonga gonga kwa sauti nyepesi, "kacha kacha", na ukivuta mkono kelele inapungua au inakoma, usiogope bado. Ongeza mafuta kidogo tu. Kama kelele inapotea injini inaposhika mwendo sawa, huenda injini imewekwa polepole mno, au inakwenda kwa kusitasita, na meno ya gia yanagongana kwa ule mchezo wao wa kawaida. Pikipiki nyingi za aina hii hutakiwa kuzunguka mara 1,400 hivi kwa dakika zikiwa zimesimama. Sawazisha mwendo huo kwanza. Kelele ikibaki hata baada ya hapo, na inazidi mwezi kwa mwezi, zile springi ndogo za nyuma ya bakuli zimelegea. Hiyo ni kazi ya kupangiwa siku. Si ajali ya usiku.

Kama ni mngurumo mzito, "ngrrr", unaokoma mkono unapovutwa na kurudi unapoachiliwa, na ukiwa barabarani unausikia katika gia karibu zote, fikiria beringi ya shafti inayoingia giaboksi. Ukiusikia katika gia moja tu, fikiria meno ya gia hiyo. Pleti mpya hazitaponya hata moja ya hayo mawili.

Kama ni kimya mkono ukiwa huru, lakini ukiuvuta huja mlio wa "wiii" au "krrr", hapo ndipo ile beringi ndogo ya katikati, au fimbo inayoisukuma, inapolalamika. Ni kitu kidogo. Lakini kikivunjika, klachi haitaachia, na utasimama barabarani gia ikiwa ndani. Usikipuuze kwa udogo wake.

SWALI LA TATU: WAKATI WA KUONDOKA NA KUINGIZA GIA

Asubuhi ya baridi ukiingiza gia ya kwanza ukasikia "tak" moja, hiyo ni desturi ya klachi iliyolala ndani ya oili. Oili nzito imezigandisha pleti. Dawa ni kuvuta mkono na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma ikiwa na gia, injini imezimwa, mpaka pleti ziachane. Lakini kama kishindo ni kikubwa hata injini ikiwa moto, na pikipiki inataka kwenda mbele ingawa umevuta mkono mpaka mwisho, klachi haiachii. Tazama mchezo wa mkono, tazama oili, kisha ndipo ufikirie pleti za chuma zilizopinda.

Kama pikipiki inatetemeka wakati wa kuondoka, "gu-gu-gu", kisha inatulia ikishika mwendo, mna moja katika mambo matatu: pleti za chuma zimepinda kwa moto, au oili si ya haki, au vidole vya bakuli vimechimbwa na masikio ya pleti. Mashimo hayo hufanya pleti zikwame na kuachia kwa kuruka. Sisi tunaokaa mitaa ya udongo mweusi ya Kitengela tunajua chanzo kimoja: wakati wa mvua mtu hushika klachi nusu nusu robo saa nzima ili atoke matopeni, na pleti zinapata moto kuliko safari yote ya Kajiado. Afadhali ushuke usukume.

SWALI LA NNE: PENYE MZIGO

Upepo wa mbuga za Kaputiei ukiwa mbele yako na abiria nyuma, uko gia ya juu, ongeza mafuta. Kama injini inapiga kelele zaidi lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Pengine hutasikia mgongano wowote, ila kile kilio cha injini iliyoachwa peke yake, na harufu ya kuungua. Kwa utaratibu, tazama kwanza mchezo wa mkono. Pili tazama oili. Tatu, ndipo pleti na springi.

Juu ya oili yatupasa tuseme zaidi. Klachi hizi zinaoga katika oili ile ile ya injini. Oili nyingi za motokaa za siku hizi zina dawa ya kufanya chuma kiteleze ili petroli ipungue. Kwa motokaa ni jambo jema, maana klachi yake ni kavu na iko mbali na oili. Kwa pikipiki zetu dawa hiyo huweza kuzifanya pleti ziteleze. Wajapani waliliona jambo hili wakaweka kipimo mwaka 1998, kiitwacho JASO. Kopo lenye alama JASO MA au MA2 lafaa kwa klachi yenye kuoga. Lenye alama MB ni la utelezi zaidi, halikukusudiwa klachi zetu. Soma kopo kabla ya kulipa, na kama kibandiko kimefutika au mfuniko umefunguliwa, liache dukani.

SWALI LA TANO: KAMA KELELE HAIBADILIKI

Ukivuta mkono, ukiuachilia, kelele ni ile ile. Basi klachi haina hatia ya kwanza. Kama ni "ti-ti-ti" nyepesi ya juu ya silinda, ni vali zinazotaka kupimwa nafasi zake, au cheni ndogo ya ndani inayozungusha shafti ya vali. Kama kelele iko tu pikipiki inapotembea, tazama cheni kubwa ya nyuma: imelegea, imekauka, au meno ya sprokiti yamekuwa kama meno ya papa. Kama ni pigo zito la chini, "ngo-ngo-ngo", linaloongezeka kwa mzigo, zima injini. Hayo ni ya beringi kubwa za injini, na kila kilomita unayoongeza inaongeza gharama.

Mna kelele moja ya klachi ambayo nayo ni ya kusimama hapo hapo: mgongano mkali wa chuma kwa chuma ndani ya kifuniko cha kulia, ulioanza ghafula, pamoja na mkono wa klachi kubadilika, mara mgumu mara mwepesi. Huenda ile nati kubwa ya kitovu imelegea, au bakuli limevunjika kidole. Usijaribu kufika nyumbani. Pakia pikipiki katika pikapu.

OILI NAYO HUSEMA

Kabla ya kukubali kifuniko kifunguliwe, mwaga oili iliyokuwa imefika wakati wake wa kubadilishwa, uichuje kwa kitambaa cheupe. Pitisha sumaku. Vumbi jembamba la chuma ni la kawaida. Vipande vinavyoshikwa na sumaku ni vya gia au beringi. Vipande vya kung'aa visivyoshikwa na sumaku ni vya chuma chepesi, kama kile cha bakuli la klachi. Makombo meusi kama majani ya chai, pamoja na harufu ya kuungua, ni utando wa pleti. Hapo sasa una ushahidi, na fundi akifungua anajua anafuata nini.

Na ikiwa lazima pleti zibadilishwe, simama karibu utazame. Pleti mpya za utando hulowekwa katika oili safi ya injini kabla ya kuingizwa. Kavu huungua siku ya kwanza. Pleti za chuma hulazwa juu ya kioo kuonekana kama zimepinda. Springi hubadilishwa zote pamoja. Skrubu zake hukazwa kidogo kidogo kwa kukingamana, si moja mpaka mwisho. Omba gasketi mpya, risiti, na vitu vyako vya zamani mkononi.

PIKIPIKI KUBWA ZA SAFARI

Barabara ya Namanga hupitiwa pia na wasafiri wenye pikipiki kubwa waendao Arusha na kurudi. Wengine wetu tumewahi kuombwa msaada nao. Tuangalie tusihukumu pikipiki hizo kwa sheria za Boxer. Nyingi za Ducati za zamani zina klachi kavu, na zinapiga makelele kama sahani za bati mkono unapovutwa. Kwao hiyo ni desturi. BMW za silinda mbili za kulala zilitumia kwa miaka mingi klachi kavu ya pleti moja kama ya motokaa, mpaka R1200GS ya mwaka 2013 ilipokuja na klachi yenye kuoga katika oili. Basi swali la kwanza la kumwuliza mgeni ni hili: klachi yako ni kavu au inaoga? Asipojua, kitabu chake kitajua.

FUNDI ANALIPWA KWA KITU GANI?

Sasa, ndugu, turudi kwa yule mwenzetu wa karo. Ni rahisi kusema mafundi wa pikipiki ni wezi. Sisi hatusemi hivyo. Fundi aliye chini ya mti Kitengela ni mfanyakazi kama sisi, tena hana mshahara wa mwezi, hana likizo, hana chama cha kumtetea. Tuulize analipwa kwa kitu gani. Analipwa kwa kufungua. Analipwa kwa kitu kipya anachotia. Akikaa nusu saa na mpira sikioni, kisha akakwambia, "Mzee, ni kebo tu, tia mafuta," utamwambia ahsante na utaondoka, naye atalala bila unga. Je, kesho atasikiliza?

Mkaguzi wa mabehewa hulipwa mwezi kwa mwezi, apate ufa asipate. Hana faida gurudumu likiwa bovu, wala hasara likiwa zima. Ndiyo maana neno lake laweza kuaminiwa, na treni ikaondoka. Kama angalikuwa analipwa kwa kila gurudumu analolikataa, mabehewa yote yangalikuwa mabovu. Kama angalikuwa analipwa kwa kila treni inayowahi, yote yangalikuwa mazima, na tungalizika watu. Sikio la mtu hufuata mkono unaomlisha. Chama cha wafanyakazi kinalijua jambo hili kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo tusidai haki kwa fundi huku sisi tukimnyima haki yake. Tumlipe kwa kusikiliza. Tumwambie mapema: "Hii ni fedha ya kuchunguza, ni yako hata usipofungua kitu. Ukifungua, tutapatana bei nyingine." Gharama hiyo ni ndogo kuliko pleti zisizohitajiwa.

TUNAYOPENDEKEZA

Tunaomba tawi liyapime mambo manne haya:

1. Tawi lipate sanduku dogo la vyombo vya pamoja: kipande cha mpira wa maji, sumaku, vibati vyembamba vya kupimia nafasi, spana za kebo, na kitabu cha pikipiki za aina zilizo nyingi kwetu. Mwanachama aazime kwa kutia sahihi.

2. Liwepo daftari la kelele. Kila mwanachama aandike alichosikia, katika hali gani, na mwisho wake ugonjwa ulikuwa nini. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litatufundisha kuliko maneno yetu ya leo.

3. Tawi lipatane na mafundi wawili au watatu wa Kitengela na Kajiado juu ya ada ya kusikiliza, iandikwe, ijulikane kwa wote. Fundi atakayeshika mapatano tumpelekee kazi zetu zote.

4. Anayeshika zamu ya usiku asiondoke Kitengela na klachi inayolia kilio asichokijua. Amwambie mwenzake, wapakizane, au apige simu mapema. Na sisi katika kamati tuwe tayari kusema na wakubwa juu ya zamu hizo zinazoanza wakati hakuna gari la abiria. Pikipiki ya mfanyakazi isifanywe kuwa chombo cha idara bila idara kuchangia hata oili yake.

Bwana Mwenyekiti, jambo la nne ndilo zito, nalo halimalizwi kwa sumaku wala kwa mpira wa maji. Tunaomba liingizwe katika mambo ya kujadiliwa mkutano ujao. Hayo mengine tunaweza kuyaanza kesho asubuhi, kabla ya kuwasha.